Vyuo vya kompyuta hapa Mbeya, hii CSS mnayofundisha ni ya mwaka gani?

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Kuna chuo hapa mjini (jina naliacha, waliopita pale watakijua) kinakusanya ada za watu kwa kozi ya kutengeneza tovuti kwa HTML (lugha ya kuandika ukurasa) na CSS (lugha ya kuupanga na kuupamba), halafu kinafundisha mambo yaliyozikwa zamani. Ukurasa mzima unapangwa kwa jedwali. Jedwali ndani ya jedwali! Rangi ya maandishi unaweka kwa tegi (alama ya HTML) ya font, ukitaka kitu kikae katikati unakifunga kwa center. HTML 4 ilishasema tegi hizo ziachwe, mwaka 1997 huo, na CSS ya kwanza ilitoka Desemba 1996. Nusu ya darasa hawajazaliwa.

Ila lililonichefua zaidi ni la maboksi. Tumepewa zoezi, ukurasa wa muuza parachichi wa Rungwe: picha kushoto, bei kulia. Kontena pikseli 600, kila boksi 300, yote yamewekewa float (amri ya CSS ya kusogeza boksi upande ili mengine yakae ubavuni). Tukaongeza padingi 20 (nafasi kati ya kilichomo na ukingo) na boda 5 (mstari wa ukingo), boksi la bei likaporomoka chini. Dada mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona limeshuka?" Akajibiwa, "Punguza punguza hiyo namba mpaka likae."

Punguza punguza, kama anaonja chumvi! Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ile 300 kivinjari kinaihesabu kuwa ni ya kilichomo ndani tu, kisha kinajumlisha padingi 20 kila upande na boda 5 kila upande. Inakuja 350. Mawili ni 700, yataeneaje kwenye 600? Dawa yake ni mstari mmoja, box-sizing: border-box, padingi na boda zinaingia humo humo ndani ya 300. Ni kuchora ubaoni tu watu wakaelewa, na hapo hujagusa hata umeme wa kukatika katika.

Flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu kwa mstari, haijatajwa. Gridi, ya kupanga ukurasa kwa safu na safuwima, ambayo Chrome na Firefox wanayo tangu Machi 2017, nilipoiulizia nikaambiwa ni ya "levo ya juu". Levo ya juu wapi, wakati ndiyo inayorahisisha?

Halafu simu. Nani pale Mwanjelwa anafungua tovuti kwa kompyuta? Kurasa zetu zina upana wa 960 na hazina meta ya viewport (mstari unaoiambia simu itumie upana wa skrini yake), kwa hiyo simu inajifanya ina skrini ya pikseli 980 hivi, inapanga kila kitu humo, kisha inaubana ukurasa wote. Mteja anabaki kuvuta kwa vidole viwili asome bei ya kilo. Mwalimu anatuonyesha kwenye skrini ya mezani, anasema "safi, imekaa."

Nimeomba kurudishiwa nusu ya ada, naambiwa risiti inasema hairudishwi.

Mwenye kujua sehemu Mbeya au Iringa wanakofundisha hivi vitu sawasawa ashushe hapa chini. Na wale wa "nenda YouTube", tumeni na bando.