Kununua gari la mtu binafsi kwa mkopo wa benki: kitangulie nini, fedha au kadi?

Mkazi wa Tabata
Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijasaini chochote. Nimepata Toyota IST ya mama mmoja wa Mbezi Beach, na kadi ya usajili wa gari ina jina lake mwenyewe. Tumekubaliana shilingi milioni 13. Mimi ninazo 4, na benki imekubali kunikopesha 9. Tatizo ni kwamba benki inataka kadi isomeke jina langu pamoja na la benki kabla haijatoa fedha, na mama naye anasema, wala simlaumu, kwamba hawezi kumwandikisha gari mtu ambaye hajamlipa. Dalali ananishauri niachane na mkopo huo, nichukue mkopo wa mshahara na kumlipa mama taslimu. Je, kuna njia salama kwa pande zote mbili?

Afisa mikopo mstaafu
Njia ipo. Iombe benki imwandikie muuzaji barua ya ahadi ya malipo, yenye kutaja kiasi, namba ya akaunti yake, na sharti ambalo likitimia fedha zitatumwa. Mama asiipokee barua hiyo mkononi mwako na kuridhika, bali aende mwenyewe tawini akaithibitishe. Milioni zako 4 usimpe pembeni. Ziweke kwenye akaunti yako ili benki itume milioni 13 zote kwa pamoja kupitia TISS, mfumo wa kutuma fedha kati ya benki na benki, kwani kwa njia hiyo, zikitumwa mapema siku ya kazi, huingia siku hiyo hiyo. Mkopo wa mshahara ni mwepesi kwa sababu fedha huingia kwako moja kwa moja, lakini benki haitakuwa na haja ya kulichunguza gari, na uchunguzi huo ni kinga yako pia.

Mama wa Kigamboni
Nazungumza kama muuzaji. Nilipouza gari langu, mnunuzi alinionyesha ujumbe wa simu uliosema fedha zimetumwa, akaomba funguo papo hapo. Nilikataa hadi tawi langu lilipothibitisha salio, na ikabainika kwamba hakuna kilichotumwa. Kwa hiyo kaka yangu, usione mama huyo ni mgumu. Mkutanishe na benki yako ana kwa ana, na gari libaki kwake hadi fedha zionekane.

Wakili, Kinondoni
Naongeza yanayohusu sheria. Kadi iwe halisi, namba ya chesi ilingane na iliyo kwenye gari lenyewe, na mhakikishe TRA (Mamlaka ya Mapato) kwamba hakuna benki nyingine inayolishikilia kama dhamana ya mkopo. Pia angalieni kama namba ya gari inadaiwa faini za barabarani.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa naliona mara kwa mara. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya bei, yaani shilingi 130,000 kwa gari lako, mbali na ada ya kuhamisha umiliki, na wapo watakaokushawishi uandike milioni 6 kwenye mkataba ili kuupunguza. Usikubali: utakuwa umetoa taarifa ya uongo kwa TRA, huku benki ikiwa na maombi yako yanayotaja milioni 13, na mauziano yakivunjika utadai kwa mkataba upi?

Mwisho, chini ya sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, hasara humfuata mwenye umiliki isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Katika siku zile ambazo kadi imeshabadilishwa na fedha hazijafika, gari likigongwa uani kwa mama litakuwa limegongwa la kwako. Mkataba useme nani atabeba hasara hiyo, na bima kubwa ambayo benki itaidai ianze siku umiliki unapohama.

Mkazi wa Tabata
Nashukuru sana. Nimezungumza na mama, naye amekubali twende wote tawini Jumatatu asubuhi. Kifungu cha hasara sikuwa nacho kabisa kwenye rasimu, kwa hiyo nitakiongeza leo na kumpelekea aisome kabla ya siku hiyo.