Mnada wa viazisukari wa Denmark: bei ilipatikanaje bila zabuni kufunguliwa?

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, mnamo Januari 2008 wakulima wa viazisukari wapatao 1,200 nchini Denmark waliwasilisha zabuni za kuuziana haki za uzalishaji, na bei ya soko ikapatikana bila mtu yeyote kuzisoma zabuni hizo. Ninavyofahamu, kilichofungwa kwa usimbaji fiche husomwa na mwenye ufunguo. Je, hapo ufunguo alikuwa nao nani?

Fundi Hesabu:
Ufunguo haukuwa mmoja. Kila zabuni ilivunjwa vipande kwenye kompyuta ya mkulima mwenyewe, na kila kipande kikafungwa kwa ufunguo wa seva yake: moja ya Danisco, iliyokuwa msindikaji pekee wa sukari nchini humo, ya pili ya chama cha wakulima, na ya tatu ya watafiti.

Chukua mfano wa zabuni ya 40, tukikubaliana kwamba kila tufikapo 1,000 tunaanza upya kutoka sifuri. Naivunja iwe 512, 730 na 798: viwili vya kwanza nimeviokota kibahati, cha tatu kinakamilisha hesabu. Aliyeshika 512 hajapata lolote. Kila seva ikijumlisha vipande ilivyopokea kwa wakulima wote, kisha majumla hayo matatu yakaunganishwa, itapatikana jumla ya kweli. Wao walitumia mbinu ya kugawa siri vipande ya mwaka 1979, ya mtaalamu wa usimbaji fiche Adi Shamir, ambayo hesabu zake ni tofauti, ila wazo ni lilelile. Ugumu uko katika kulinganisha, yaani kujua ni katika bei ipi mahitaji yanakutana na ugavi, kwa kuwa hapo seva hulazimika kuwasiliana mara nyingi. Hata hivyo kazi yote ilichukua kama nusu saa.

Mdadisi:
Maelezo ni sahihi, lakini tusiseme kwamba hapakuwa na wa kuaminiwa, kwani seva mbili zikila njama siri imekwisha. Kinga ilikuwa maslahi yanayokinzana: zabuni hufichua hali ya kiuchumi ya mkulima, jambo ambalo mnunuzi wa mazao yake angeweza kulitumia wakati wa kujadili mkataba, na chama cha wakulima kisingekuwa na sababu ya kumsaidia mnunuzi huyo. Aidha, mbinu hii hailindi jibu lenyewe. Watu wawili wakijumlisha mishahara yao kwa siri, kila mmoja ataondoa wake na kubaki na wa mwenziwe.

Mwanagenzi:
Nashukuru. Na mkulima akiandika bei ya uongo?

Fundi Hesabu:
Seva hazitajua. Ila atakayeandika bei asiyoikusudia huenda akajikuta ameuza haki aliyotaka kubaki nayo.