Makasha ya kuhifadhia skrubu, bolti na vitu vidogo vya karakana: yapi yanafaa?

SeremalaTanga

Habari zenu mafundi. Nina karakana ya samani hapa Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari unafika bila kizuizi, na mbali na kazi za benchini tunakwenda majumbani kufunga makabati ya jikoni, vitasa na reli za mapazia. Kinachonisumbua ni vitu vidogo: skrubu za mbao za urefu mbalimbali, misumari, bolti na nati zake, washa, bawaba, plagi za ukutani (vile vya plastiki vinavyoshikilia skrubu ukutani), na vile vijiti vya kushikilia rafu za kabati ambavyo vikipotea si rahisi kupata duka litakalokuuzia kimoja kimoja. Kwa sasa vyote vimo katika makopo ya maziwa na ya rangi, na kijana akihitaji skrubu nne humwaga kopo zima juu ya benchi, akachagua anazozitaka, kisha akazikomba zilizobaki kwa kiganja pamoja na maranda na kuzirudisha.

Nimezunguka madukani nikaona aina tatu: kasha bapa la plastiki lenye mkono na vyumba vingi ndani, kabati dogo la droo za plastiki angavu, na visanduku vilivyo wazi kwa mbele ambavyo huning'inizwa ukutani. Bei zinatofautiana sana, na muuzaji husifu chochote utakachokishika. Naomba ushauri wa wanaovitumia kila siku: ninunue aina ipi, kwa kuzingatia kwamba kuna unga mwingi wa mbao, kuna hewa ya chumvi, na kijana mmoja husafiri na vifaa kwa bodaboda?

FundiKigamboni

Fundi, kabla ya kulinganisha bei, gawa kwanza vitu vyako katika mafungu mawili: vinavyokaa karakanani na vinavyokwenda kwa mteja. Watu wengi hununua aina moja ya kasha kwa kazi zote mbili, na ndiyo sababu hawaridhiki nalo. Kasha bapa lenye mkono limetengenezwa kwa ajili ya kusafiri. Ukiliweka benchini litachukua nafasi kubwa kila linapofunguliwa, na mfuniko wake utakuwa meza ya kuwekea vikombe vya chai.

Kwa kijana wa bodaboda, usitazame idadi ya vyumba, tazama jinsi mfuniko unavyokutana na vikuta vya ndani. Funga kasha likiwa tupu, ulishike dhidi ya mwanga, uone kama pana mwanya kati ya mfuniko na kingo za vikuta. Mwanya unaopitisha washa moja utapitisha zote, kwa sababu kasha likibebwa kwa mkono wake husimama wima, na kila kitu hutafuta chumba cha chini. Makasha yaliyo bora yana mistari iliyoinuka upande wa ndani wa mfuniko, inayoingia juu ya kila kikuta, au yana vikombe vinavyotolewa kimoja kimoja. Mimi napendelea vikombe. Unakitoa kikombe cha skrubu za kitasa, unakiweka sakafuni karibu na mlango, ukimaliza unakirudisha, na kasha lenyewe halikuondoka lilipo.

Vikuta vya kuchomeka na kuchomoa vinavutia kwa macho, lakini chunguza sehemu ya chini, kwa maana mara nyingi havigusi sakafu ya kasha na washa nyembamba hupenya huko. Mwombe muuzaji washa chache, uzitie katika chumba kimoja, ufunge, usimamishe kasha na kulitikisa. Akikataa, nenda duka la pili.

Kuhusu plastiki, geuza kasha utafute alama ya pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, ambayo hujipinda bila kuvunjika na ndiyo maana hutumika kwa bawaba zinazofinyangwa pamoja na mfuniko. Namba 6 ni polistirini, angavu kama kioo na inapendeza dukani, lakini ikianguka juu ya saruji hupasuka pembeni. Kwa droo zinazokaa ukutani namba 6 inavumilika. Kwa bodaboda, hapana.

MfuaBati_Msa

Nawasalimu kutoka Mombasa, ambako hewa ya chumvi tunaifahamu vizuri. Naongezea mambo mawili ambayo ndugu yangu wa Kigamboni hakuyagusa.

La kwanza ni uzito. Lita moja ya chuma kitupu ina karibu kilo 8. Hata tukikadiria kwamba nusu ya nafasi kati ya skrubu ni hewa, lita moja ya skrubu inakaribia kilo 4. Kwa hiyo kisanduku cha lita 10, ambacho dukani unakibeba kwa kidole, kikijaa bolti hukaribia mfuko wa saruji. Visanduku vikubwa ni vya plagi za ukutani na vitu vyepesi. Skrubu na bolti ziwekwe katika visanduku vya lita moja au nusu, na kabati la droo likining'inizwa lifungwe kwa bolti zinazoingia ndani ya ukuta barabara, kwa maana droo 30 za nusu lita zikijaa zinaweza kuvuta kilo 60.

La pili ni kutu, na hapa sikubaliani na wanaodhani kasha lililofungwa linatosha. Kasha linafungia ndani hewa ileile yenye unyevu uliyoifungia. Linalofaa ni kupunguza chanzo. Zile skrubu nyeusi za jipsamu zina kinga hafifu, nazo huanza kubadilika rangi mapema kuliko zilizopakwa zinki, kwa hiyo usinunue za kukaa muda mrefu. Bolti zisizo na mpako zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kabla ya kuzihifadhi, isipokuwa zile za kazi itakayopakwa rangi au vanishi, kwa sababu mafuta huharibu mpako. Vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio vinasaidia katika kasha linalofunga vizuri tu. Katika droo ni pambo, na hata ndani ya kasha hushiba unyevu na kuhitaji kubadilishwa.

Zaidi ya yote, usihifadhi asidi ya kusafishia vigae katika chumba kimoja na vyuma vyako. Asidi hiyo, haidrokloriki, hutoa mvuke hata ikiwa katika chupa uliyodhani umeifunga, na mvuke huo hula skrubu, misumeno na patasi bila kuchagua. Karakana nyingi hulalamikia bahari, kumbe chupa ipo chini ya benchi.

MamaStoo

Mimi ni mtunza stoo wa gereji mjini Nakuru, nasi hatuna bahari, ila tuna vijana wengi, jambo ambalo kwa mpangilio wa stoo ni baya zaidi.

Kwa vitu vinavyokaa, nawashauri visanduku vilivyo wazi kwa mbele, si droo. Droo huficha, huhitaji mikono miwili, na fundi mwenye haraka huiacha imefunguliwa nusu hadi mwingine aipige kiwiko. Kisanduku kilicho wazi kinaonyesha kwa mbali kwamba bolti zinakaribia kwisha. Tena si lazima ununue: dumu la mafuta ya kupikia la lita 5, likikatwa mshazari chini ya mdomo na kubakishwa mkono wake, linakuwa kisanduku kizuri, nawe unalioshea sabuni na maji ya moto kwanza ili mende wasihamie. Anayetaka cha kudumu, mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wanaotengeneza yale masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, huweza kumkunjia visanduku kwa kipimo chake. Waambie geji, yaani namba ya unene wa bati, mkumbuke kwamba namba ikipungua bati linakuwa nene, na wasisitizieni wakunje kingo za juu, kwani bati lisilokunjwa hukata vidole.

Jambo jingine ni kutogawa mno. Nimeona stoo zenye chumba cha kila urefu unaopishana milimita tano, na baada ya wiki kila chumba kina mchanganyiko, kwa kuwa kijana hawezi kutofautisha skrubu ya milimita 35 na ya 40 kwa jicho. Vitu visivyotofautishika kwa jicho vikae pamoja, au usinunue vyote viwili.

FundiKigamboni

Mama, kwa gereji nakubali, lakini kwa seremala visanduku vilivyo wazi vitajaa unga wa mbao kabla ya Ijumaa. Labda avifunge upande wa pili wa chumba, mbali na msumeno wa meza, au atumie droo kwa vitu vyenye mafuta, kwani mafuta na unga wa mbao hufanya uji usiotoka kwenye uzi wa bolti.

SeremalaTanga

Nawashukuru nyote. Chupa ya asidi imeshatoka nje. Nafikiri kununua kasha moja lenye vikombe kwa ajili ya safari, kabati moja la droo kwa bolti na bawaba, na kukata madumu kwa plagi na misumari, nikiyapanga kwenye kona ambayo vumbi halifiki sana. Naomba ushauri wa mwisho kuhusu lebo: wino unafutika, na vijana wangu wawili hutumia inchi ilhali maboksi mengi ya skrubu yameandikwa milimita.

MamaStoo

Andika vyote viwili. Skrubu iliyoandikwa 4 kwa 40, yaani unene milimita 4 na urefu milimita 40, ndiyo hiyo vijana wanayoiita inchi moja na nusu, ingawa imezidi kidogo, na kwa mbao tofauti hiyo haina madhara isipokuwa ubao ukiwa mwembamba. Kwa bolti, pamoja na M8 (bolti ya unene wa milimita 8) andika spana 13, na M6 spana 10, kwa sababu fundi huikumbuka spana kabla ya bolti. M10 pima kwanza, kwani nyingine zina kichwa cha 17 na nyingine 16.

Juu ya lebo, gundisha kitu chenyewe usoni mwa droo, skrubu moja ikilazwa, kwa gundi ya moto. Kwenye dumu itoboe ipenye. Mgeni ataelewa bila kuuliza, nawe utaweza kulinganisha uliyookota sakafuni bila kufungua chochote.

MfuaBati_Msa

Kwa zilizookotwa sakafuni, tafuta sumaku ya spika mbovu na uizungushie kitambaa kabla ya kuipitisha juu ya maranda. Ukishavuta, unashika kitambaa kwa nje, unakitoa kwenye sumaku, na skrubu zote zinaangukia kikombeni. Zile za chuma kisichoshika kutu nyingi hazinasi, hizo utaziokota kwa mkono.

SeremalaTanga

Spika ninayo. Kesho nakwenda dukani na washa mfukoni.