Fleti za Serikali Zanzibar: Anapewa Mwenye Shida au Mwenye Mtu?

Muanzisha mada
Tujadili bila kutukanana. Majumba ya Michenzani yalianza enzi za Mzee Karume, kwenye ramani ya 1968 iliyochorwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na nyumba za watu Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, zikavunjwa kuyapisha. Nia ilikuwa mnyonge naye akae kwenye nyumba ya mawe, maji na umeme ndani. Leo fleti ya serikali ikibaki wazi, nani anapata habari? Mie naona ni wale wale. Sie tukija kusikia, ufunguo ushatoka zamani. Rai yangu: majina ya waliopewa, na sababu ya kupewa, yabandikwe afisi ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Tubishane kwa karatasi, si kwa fununu.

Wa Michenzani
Usituchanganye. Babu yangu kabeba zege pale siku za kujenga taifa, mshahara hakuna. Alipopewa fleti hakupendelewa, alilipwa jasho lake. Mengine kijicho tu.

Muanzisha mada
Jasho la babu silikatai, ndugu yangu. Lakini wapo ambao mzee keshafariki, wajukuu wako Maskati, fleti kakodishwa mtu baki na kilemba, ile pesa ya kuachiwa ufunguo, kishaliwa. Yule mama wa Kwahani ambaye wanawe wanalala ukumbini, yeye akalipwe wapi?

Wa Pemba
Nyie mnagombea fleti, huku kwetu tunagombea barua. Tokea vyama vingi virudi 1992, ukishajulikana upande wako, fomu yako inalala. Sheha hapigiwi kura, anateuliwa, na bila ya barua yake hupiti popote. Mie nilipokwenda nilikaa kwenye benchi tokea asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipoingia, suali la kwanza: "Wewe barza yako ipi?" Yaani chama gani. Watoto wangapi, nakaa wapi, hakuuliza. Hiyo fomu sijaiona tena. Sasa majina mkayabandike kwa sheha yule yule?

Mstaafu
Nimekaa afisini miaka, nitasema nilichokiona. Shirika la Nyumba lilipoundwa 2014 tulitaraji kila kitu kiende kwa mkataba. Lakini msiitupie siasa mzigo wote. Undugu upo, waliosoma skuli moja wapo, na ilipokuja Serikali ya Umoja wa Kitaifa 2010, wa upande wa pili nao hawakuja mikono mitupu, walikuja na watu wao. Kisha hiyo sababu mnayotaka kuibandika: mwanamke kaachwa, au mtu ana maradhi, mtaa mzima usome?

Muanzisha mada
Hapo umenibana, mzee wangu. Basi sababu ibaki kwenye faili. Libandikwe jina na tarehe ya kuomba, na pasiwe kwa sheha peke yake, hata afisi ya wilaya. Aliyeomba mwanzo akaona karukwa, atakuwa na la kuuliza.

Wa Michenzani
Hilo sasa naliunga mkono, ila mmesahau jambo. Ngazi yangu mna fleti kadhaa sijui mwenyewe nani. Taa ya ngazini imekufa, pampu ya maji ikiharibika tunachangishana wale wale, aliyekodi anasema "muulizeni mwenyewe", mwenyewe simu haipokei. Mkibandika jina la aliyepewa, bandikeni na la anayekaa.