MJADALA: Watumwa wa Jamaica waliokufa njaa baada ya 1780 waliuawa na kimbunga?

Mleta mada: Wakuu, kuna hoja inarudiarudia humu kwamba nchi za Karibi zinapodai fidia ya utumwa zisituhesabie waliokufa kwa vimbunga, kwani upepo haukutumwa na mkoloni. Naipinga.

Tarehe 3 Oktoba 1780 kimbunga kilipiga magharibi ya Jamaica na bahari ikaufagia mji wa Savanna-la-Mar. Vikafuata vingine 1781, 1784, 1785 na 1786. Baraza la kisiwa, lililojaa wenye mashamba ya miwa, lilikadiria kwamba watumwa 15,000 walikufa hadi mwanzoni mwa 1787 kwa njaa na maradhi ya kula vibaya. Likalaumu vimbunga, likailaumu na serikali ya Uingereza, iliyokitawala kisiwa, kwa kuzipiga marufuku meli za Marekani zilizokuwa zikileta chakula. Lenyewe halikujigusa.

Sasa tazameni ardhi ilivyogawanywa. Bonde lenye rutuba lilikuwa la miwa. Mtumwa alionyeshwa kipande mlimani, akilime Jumapili na ile nafasi ndogo ya Jumamosi, kimlishe yeye na wanawe. Na watu wale walikifanya kipande kile kuwa maisha! Walipanda viazi vikuu kama Afrika Magharibi, wakapanda na migomba, ziada wakaibeba kichwani hadi soko la Jumapili. Huko ndiko mama alikoweza kumwona mwanawe aliyeuzwa shamba jingine, na habari za misiba zikapita. Migomba ilipolala chini, mlo ulikwenda, na cha kupeleka sokoni kikaisha.

Mchangiaji: Mkuu, hata huku kwetu ukame umeua watu huru. Mvua ikikataa imekataa.

Mleta mada: Kweli ndugu yangu, na inauma vilevile. Lakini Wakamba waliposhikwa na njaa miaka ya 1830, wengi walihama hadi Rabai, karibu na Mombasa. Mtumwa wa Jamaica angehamia wapi? Akitoroka anasakwa. Akitaka kupanda upya, anasubiri Jumapili.

Halafu kuna mshelisheli, huu huu wa Unguja na Pemba. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza William Bligh aliifikisha Jamaica miche yake kutoka Tahiti, baada ya safari ya kwanza kuvunjwa na maasi ya mabaharia 1789. Lengo lilikuwa chakula rahisi cha watumwa.

Anayesema ni hali ya hewa tu anijibu: kwa nini ilikuwa rahisi kuvuka bahari tatu kufuata mti kuliko kuwaachia watu wale bonde moja la miwa?