Je, maghorofa marefu yamerithi nini kutoka makanisa ya Gothiki?

Swali
Salaam, ndugu zangu. Jengo la Woolworth la New York, lililofunguliwa mwaka 1913, lilipewa jina la "Kanisa Kuu la Biashara". Naomba kueleweshwa: mtindo wa Gothiki, yaani ule wa makanisa marefu ya mawe ya Ulaya ya zama za kati, umechangia namna majengo marefu yanavyosimama, au ni mapambo tu?

Jibu la 1
Kwa Woolworth ni mapambo, ingawa ni mapambo yenye akili. Uzito wote hubebwa na fremu ya chuma, na nakshi za nje ni udongo wa kuchoma. Hata hivyo, mbunifu wake, Cass Gilbert, alitambua kwamba mistari ya wima ya Gothiki hulipandisha jicho hadi kileleni bila kulikatiza. Kule Chicago, jengo la Tribune Tower la mwaka 1925 lina taji la matao ya kuegemeza, yaani matao ya nje ambayo kanisani hushikilia kuta, lakini hakuna kuba ya mawe (dari ya matao) inayoyategemea.

Jibu la 2
Ndugu, mimi naona urithi mkubwa zaidi umo ndani ya muundo. Ukisimama ndani ya kanisa la Gothiki la Chartres, Ufaransa, na kuinua macho, utaona mbavu za mawe zikikusanya uzito wa dari na kuuteremsha kwenye nguzo, huku matao ya nje yakipokea ule msukumo ambao ungezipindua kuta. Ukuta ukishatuliwa mzigo huo, unaweza kutobolewa na kujazwa vioo vya rangi, jambo lililokwisha kuonekana katika kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, mwaka 1144. Kuta za vioo za maghorofa ya leo zinafuata wazo hilohilo, kwa kuwa hazibebi sakafu yoyote. Katika karne ya 19, mbunifu wa majengo Mfaransa, Viollet-le-Duc, aliyachambua makanisa haya kama mifumo ya kubeba nguvu, kisha akahimiza wabunifu watumie chuma kwa mantiki hiyo.

Jibu la 3
Nakubaliana nawe wa Jibu la 2, ila tusiufanye ukoo huu kuwa wa moja kwa moja. Fremu ya chuma ilichochewa na bei ya ardhi mijini, lifti na viwanda vya chuma. Isitoshe, jiwe huvumilia kugandamizwa lakini hukatika upesi likivutwa, ilhali chuma huyamudu yote mawili. Waashi wa kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, walipandisha kuba ya mawe hadi mita 48 hivi, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka.