Tupeane uzoefu: manesi mliojitolea nje ya nchi, mlirudije nyumbani?

Nesi wa Shangani
Habari za jioni, ndugu zangu wa Kusini. Safari za kwenda tunasimuliana sana, za kurudi tunazimeza. Naanza mimi.

Nilijitolea Sierra Leone mwaka 2015, wakati wa Ebola. Kule ukishavaa lile vazi hujigusi uso, hata miwani ijae ukungu. Ukilivua, hushikani mkono na mtu. Kila mlango una ndoo ya maji ya klorini. Miezi ikaenda hivyo.

Nafika Mtwara, siku 21 za kuangaliwa zimeshapita, joto sina, kikohozi sina. Mama ananyoosha mkono nimwamkie, mimi huyo nikarudi nyuma. Sikupanga. Mkono wake ukabaki hewani na majirani wanatazama. Tangu siku hiyo muuza ming'oko akawa ananiwekea chenji kwenye ungo, niokote mwenyewe.

Haujaisha mwezi, shangazi akafariki. Nikaitwa kuosha maiti, kwa kuwa ni mtoto wa nyumba na tena nesi. Nilisimama mlangoni nikalia. Watu wakasema masikini, alimpenda shangazi yake. Nilimpenda kweli, lakini mikono ndiyo iliyogoma. Kule nilikotoka, kuosha maiti kumemaliza familia nzima nzima. Mama hajaniuliza mpaka leo, nami sijamwambia.

Haya, wengine.

Mmasasi Halisi
Pole sana dada. Mimi nilikwenda Beira 2019, baada ya Kimbunga Idai, kwenye kambi ya kipindupindu. Kitanda kina tundu katikati, ndoo chini, dripu juu, na Kireno changu kilikuwa "bom dia" basi.

Narudi, kaka yangu anauliza umetuletea nini toka Ulaya. Namwambia Msumbiji, hii hii ya ng'ambo ya Ruvuma! "Sasa miezi yote hiyo umefanya kazi bure?" Kwetu kujitolea ni kuchimba msingi wa darasa asubuhi, mchana umerudi shambani. Nikanunua kanga na mashati nikagawa, nikasema vya Beira. Vilitoka sokoni Masasi.

Kazini nako, akiingia mtu anaharisha nilikuwa namkimbilia na ndoo kabla hajaandikishwa. Mganga mfawidhi akaniita pembeni: "Kijana, punguza Beira."

Mume wa Nesi, Lindi
Mimi si nesi, nimeoa nesi. Wangu alirudi kutoka Malawi 2023, kipindupindu hicho hicho. Saa nane usiku alikuwa anaamka, anazunguka vitanda vya watoto, anawabana ngozi ya tumbo aone kama wamekaukiwa maji. Watoto wazima kabisa, wanalia kwa kuamshwa! Mwanzoni nilikuwa mkali, najuta.

Binti Nachingwea
Shikamooni wakubwa. Naondoka mwezi wa nane, nimesoma hapa nimeogopa kidogo. Kingine cha kujiandaa?

Mmasasi Halisi
Marahaba. Angalia leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inaisha lini. Yangu iliisha nikiwa kule, nikarudi nikakaa nyumbani bila kazi korosho za watu zinaokotwa, na mimi nikaenda kuokota.

Nesi wa Shangani
Na wajomba uwaambie mapema kuwa huleti sabufa.